Maveterani wa King's African Rifles

Maveterani wa King's African Rifles (kifupi: KAR) ni Waafrika waliotumikia jeshi la kikoloni la Uingereza katika Afrika ya Mashariki na Nyasaland (leo Malawi). Jeshi hilo liliundwa mwaka 1902, na katika Kiswahili cha mitaani liliitwa Keya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia askari wake walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Makala hii inahusu hali yao baada ya vita hivyo.

Malipo

Wengi walipoachishwa walipewa kiinua mgongo mara moja tu, si pensheni. Kiasi kilitegemea cheo, muda wa utumishi na pia rangi ya ngozi: Mwafrika alipata kidogo kuliko Mzungu. Nchini Kenya askari Wazungu waligawiwa mashamba ya walowezi, lakini Waafrika hawakuingizwa katika mpango huo. Mmoja wa waliopigana Burma, Waruhiu Itote, baadaye aliongoza wapiganaji wa Mau Mau kwa jina la Jenerali China.

Matunzo

Aliyekatwa mguu alikuwa na jeraha la kuonyesha. Aliyeharibiwa masikio na mizinga, au aliyeamka usiku akipiga kelele, alikuwa na ushahidi mdogo mbele ya karani. Mzigo huo uliangukia nyumbani, kwa mke, binti au mkaza mwana. Kijana aliyeandikishwa akiwa na miaka 20 mwaka 1940 alitimiza miaka 80 mwaka 2000. Kufikia hapo alihitaji mtu wa kumwogesha, kumpikia na kumpeleka zahanati, kwa kawaida bila malipo yoyote.

Kudai haki kulihitaji namba ya jeshi au cheti cha kuachishwa. Karatasi ya mwaka 1946 haidumu kirahisi katika nyumba ya nyasi inayovuja.

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 kwa maveterani wa makoloni ya zamani, kupitia Royal Commonwealth Ex-Services League, shirika lililoanzishwa mwaka 1921. Lengo lilikuwa kuwawezesha kupata milo miwili kwa siku. Msaada ulihesabu askari na wajane wao. Wakati huo waliobaki walikuwa wazee sana. Binti aliyeacha shamba lake ili amtunze baba hakuwa katika hesabu.