Kituo cha Kamina na Njia za Majirani

Sisi tuliotoka Katanga tunakijua kituo cha jeshi cha Kamina. Wabelgiji, ambao nchi yao ilitekwa mwaka 1940, walikijenga baada ya vita ili wawe na ngome mbali na Ulaya. Reli ya Bukama hadi Ilebo, iliyokamilika 1928, ilikuwa tayari inapita Kamina. Kituo kikapata uwanja wa ndege na umeme wa mto Kilubi. Mwaka 1960 majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaingia.

Barabara ya kituo hupimwa kwa askari na shehena. Mama aendaye shambani haonekani kwenye ramani asipoulizwa.

Basi, barabara ya malori inapopimwa hapa kambini, tunaomba sisi na wenyeji wa vijiji jirani tuulizwe: watoto wanapita wapi, maji yanachotwa wapi? Kamati ipeleke majibu kabla vigingi havijapigwa.