Nyota Mgeni ya Mwaka 1006

Mwishoni mwa Aprili mwaka 1006, katika mwaka 396 Hijria, mwanga mpya uliwaka upande wa kusini wa anga. Miongoni mwa waliouona alikuwamo kijana wa Misri wa miaka kama 18, Ali ibn Ridwan, mtoto wa mwoka mikate wa Giza, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza masomo. Baadaye alikuja kuwa tabibu mkuu wa Misri, na alipokaa kukifafanua kitabu cha unajimu cha Ptolemy aliukumbuka mwanga ule akaueleza kwa mistari michache. Alitaja kwanza mahali: digrii ya 15 ya buruji ya Akarabu, mkabala na jua, ambalo siku ile lilikuwa digrii ya 15 ya Thauri. Kisha akataja umbo, kwamba ulikuwa mviringo, mkubwa kuliko Zuhura mara mbili na nusu hadi mara tatu. Akapima na nguvu yake: ulimulika anga kwa kiasi cha robo ya mbalamwezi na zaidi kidogo. Mwisho akaeleza mwendo wake: haukutangatanga, bali ulikaa mahali pake, ukichomoza na kutua pamoja na buruji yake kila siku, hadi jua lilipofika Sumbula ndipo ukatoweka. Mahali pa sayari nyingine kwa wakati ule napo alipaandika. Mwanga ule ulikuwa nini hasa, hakujua, wala hapakuwa na mtu duniani aliyejua.

Historia ya mwanga huo ina funzo ambalo naliona kubwa kuliko tukio lenyewe. Mtu akiona angani kitu asichokielewa, hamu ya kwanza inayomjia ni kukipa maana: ni ishara, ni baraka, ni balaa, ni viumbe kutoka mbali. Lakini kwa mwanga wa mwaka 1006, maana zote walizozitoa watu wa zama zile zimekufa pamoja nao. Kilichodumu ni kile walichokiona na kukiandika kabla ya kukipa maana: wapi, lini, mkubwa kiasi gani ukilinganishwa na nini, na ulikaa muda gani. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba mbele ya mwanga usioelezeka kazi ya kwanza ya binadamu ni ushahidi, na maelezo yanaweza kungoja, hata kama yatangoja miaka 1,000.

Tazama jinsi maana zilivyopingana. Ali ibn Ridwan aliishi chini ya utawala wa Khalifa al-Hakim wa Wafatimi, na kwake mwanga ule ulikuwa nuksi. Aliufunga na vita baina ya Waislamu, ukame, bei kupanda, njaa na vifo. Huko Kaifeng, mji mkuu wa China chini ya nasaba ya Song, nyota ile ile ilitia watu wasiwasi, mpaka mnajimu wa serikali, Zhou Keming, aliporejea kutoka safarini akamhakikishia mfalme Zhenzong kwamba ni nyota ya heri, ya rangi ya manjano na mng'aro, inayoiletea fanaka nchi inayoiona. Akaomba watu waruhusiwe kushangilia, mfalme akakubali, naye akapandishwa cheo. Nyota moja, mwaka mmoja: Misri ni msiba, China ni sherehe. Mtu hawezi kusema kwamba mmoja wao alikosea kidogo na mwenzake akapatia. Wote wawili walisoma angani yale yaliyokuwa yakiendelea ardhini kwao. Lakini ukiacha maana na kuuliza mahali tu, mzozo unakwisha. Wachina waliiweka nyota sehemu ile ile aliyoiweka Mmisri, ingawa hawakujuana wala hawakutumia ramani moja ya nyota. Macho yaliafikiana pale ambapo fasiri zilitengana, na makubaliano hayo ndiyo mali tuliyorithi.

Mtu atapinga kwamba ninawatenga watu hawa na imani zao bila haki. Ali ibn Ridwan alikuwa mnajimu wa kutabiri, na katika ujana wake utabiri huo ulimpatia riziki. Zhou Keming alilipwa na dola ili aisome mbingu kwa faida ya kiti cha mfalme. Kama wasingeamini kwamba nyota zinatawala mambo ya watu, wasingejali kuandika digrii. Pingamizi hili ni la kweli na nalikubali: imani ndiyo iliyowakesha usiku. Hata hivyo linaitia nguvu hoja yangu. Mpiga ramli wa nyota alihitaji kujua kila sayari iko wapi ili atoe hukumu yake, na orodha hiyo ya sayari ndiyo inayotuwezesha leo kupiga hesabu na kuipata tarehe 30 Aprili 1006. Hukumu imeanguka, kiunzi chake kimesimama. Tena kuna jambo zito zaidi. Kwa elimu ya Aristotle aliyoisoma Ali ibn Ridwan, mbingu ya juu ya mwezi haibadiliki. Kitu chochote kinachozuka ghafla hakina budi kuwa chini ya mwezi, katika hewa, pamoja na vimondo na nyota zenye mkia. Mwanga uliokaa mahali pamoja miezi kadhaa bila kuyumba haukukaa vizuri ndani ya elimu hiyo. Angeweza kuuacha mstari huo, lakini aliuandika. Mwaka 1572, Tycho Brahe wa Denmark alipoipima nyota mpya nyingine na kuonyesha kwamba iko mbali kuliko mwezi, alishika uzi ule ule: kitu kisichosogea kati ya nyota ni cha huko nyotani. Ushahidi ulikuwa umeandikwa Misri zaidi ya miaka 500 kabla yake.

Pingamizi la pili ni kwamba macho hudanganya. Nyota, hata iwe kali vipi, iko mbali mno kuonekana kama duara lenye upana, kwa hiyo ile mara mbili na nusu ya Zuhura haiwezi kuwa kipimo halisi. Ni kweli. Mwanga mkali hutapakaa ndani ya jicho na kuonekana mpana kuliko ulivyo. Lakini Zuhura nayo hutapakaa hivyo hivyo, na mtu anayelinganisha vitu viwili kwa jicho moja hutuachia kosa linaloweza kupimwa. Dawa ya kosa la shahidi mmoja ni mashahidi wengi. Ali ibn Ridwan alidhani nyota ilikwisha jua lilipofika Sumbula, kumbe ilimezwa tu na mwanga wa jua. Waandishi wa Song waliendelea kuingojea, na katika mwezi wao wa kumi na moja wakaiona tena alfajiri upande wa mashariki. Ibn Sina, katika kitabu chake cha Shifaa, alitaja rangi zake na namna ilivyozidi kuwa nyeupe, ushahidi ambao watafiti wa karne hii wameusoma upya. Watawa wa St. Gallen, katika Uswisi ya leo, waliandika kwamba ilionekana kusini kabisa, mara ikinywea, mara ikitanuka, mara ikizimika. Kwa haraka mtu angesema watawa walichanganyikiwa. Kumbe kutoka kwao nyota ilipanda digrii 4 hivi tu juu ya upeo, kwenye milima ya kusini, ambako hewa nzito huutikisa mwanga wa kila nyota. Yaliyoonekana kama kigeugeu cha watawa yakawa kipimo cha mahali nyota ilipokuwa, kwani kama ingekuwa kusini zaidi kidogo milima ingeificha.

Wachina waliziita nyota za namna hii nyota wageni, na jina hilo linaingia vizuri katika Kiswahili, lugha inayosema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kwa kweli miongoni mwa wenyeji waliokuwa na nafasi nzuri ya kumpokea mgeni huyu walikuwamo watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Nyota ilikuwa kusini ya ikweta ya mbingu kwa digrii kama 38. Kwa hesabu hiyo, Misri ilipanda kiasi cha digrii 22 juu ya upeo. Kilwa ilipanda kama digrii 60, juu kabisa, mbali na ukungu wa upeo. Mwaka ule pwani yetu ilikuwa na watu, biashara na ibada. Shanga, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na msikiti uliokwisha kujengwa na kujengwa upya mara kadhaa. Kilwa palikuwa na makazi. Vyombo vilikwenda na kurudi kwa kusi na kaskazi. Mawingu ya masika yangeweza kuificha nyota siku za mwanzo, lakini kusi ilipokaza na anga kutakata, wavuvi waliotoka usiku walikuwa na taa isiyo kifani juu ya vichwa vyao. Ila ushahidi ulioandikwa wa pwani kuhusu nyota hiyo haujulikani. Maandishi ya Kiswahili tuliyonayo ni ya karne nyingi baadaye. Barua zilizotoka Kilwa na kuhifadhiwa Goa, ambazo ni miongoni mwa za kale zaidi zinazojulikana, ni za miaka ya 1711 na kuendelea.

Hapo pana hatari ya kusema kwamba wahenga wetu hawakuzijali nyota, na huo ungekuwa uongo. Kilimia, kundi la nyota, kimebeba jina la kulima kwa sababu wakulima walikitazama ili kujua majira, na manahodha walivuka bahari kwa nyota. Maarifa hayo yalikaa midomoni karne nyingi bila kupotea, kwa sababu Kilimia hurudi kila mwaka, na kila kikirudi baba humwonyesha mwanawe. Nyota mgeni haikurudi. Walioiona walipozeeka hawakuwa na kitu cha kuwaonyesha wajukuu isipokuwa kidole kilichoelekezwa kwenye giza tupu. Kumbukumbu ya mdomo ni hodari wa kutunza kinachojirudia. Kwa kilichotokea mara moja tu, hakuna kinachoshinda mstari ulioandikwa. Nayasema haya kwa masikitiko, maana huenda watu waliomwona mgeni yule vizuri kuliko wengi ndio ambao hatuna neno lao.

Linabaki pingamizi la mwisho, na ndilo zito. Je, sayansi ya leo isingegundua yote haya bila maandishi ya kale? Nyota ile, tunafahamu sasa, ilikuwa supanova: kibete cheupe, yaani kiini kilichobaki cha nyota iliyozeeka, kililipuka umbali wa miaka nuru 7,000 hivi. Mabaki yake bado yapo katika kundi la nyota la Lupus, wingu la duara ambalo upana wake angani unalingana na wa mwezi mpevu. Darubini zingeweza kulikuta wingu hilo zenyewe. Lakini wingu lisilo na tarehe ni kama kaburi lisilo na jina: unajua kuna aliyezikwa, hujui nani wala lini. Mwaka 1965, Bernard Goldstein alichapisha maelezo ya Ali ibn Ridwan kwa wasomi wa anga, na mwaka huo huo Frank Gardner na Douglas Milne, wakitumia darubini ya redio ya Parkes nchini Australia, waliyatambua mabaki katika eneo ambalo maandishi ya kale yaliwaelekeza. Tangu hapo wingu likawa na siku ya kuzaliwa. Ukijua lilianza lini na limetanuka kiasi gani, unaweza kupima kasi yake na kuona jinsi inavyopungua. Ndiyo maana likawa mahali pa kuchunguzia namna chembe za angani zinavyosukumwa karibu na mwendo wa mwanga: setilaiti ya Japani iitwayo ASCA ilitoa ushahidi wa elektroni zilizosukumwa hivyo mwaka 1995, na mwaka 2010 darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia zilitangaza kuinasa mionzi ya gama kutoka humo. Afrika ya kusini mwa ikweta ikaitazama tena nyota ile, safari hii ikaandika.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ali ibn Ridwan na wenzake walimpa nyota mgeni kazi, na jembe lile bado linalima. Siku hizi mbingu zetu zina mianga mingi kuliko zamani: vimondo, setilaiti zinazopita kwa msururu, mabaki ya roketi yanayoungua hewani. Kila unapozuka mmoja, maana hutangulia na ushahidi hupuuzwa. Asubuhi watu wengi wana yakini ulikuwa nini, na wachache wanakumbuka ulitokea upande gani, saa ngapi, ukaenda wapi. Sisemi tusitafute maelezo. Nasema maelezo ya haraka hula nafasi ya yale ambayo shahidi peke yake angeweza kutupatia, na yakishaliwa hayarudi. Kijana wa Giza hakuwa na darubini. Alikuwa na vipimo viwili, Zuhura na mwezi, na alijua kusema mkubwa kuliko huyu, mdogo kuliko yule. Vipimo hivyo havijachakaa. Zuhura ikichomoza juu ya bahari ya Kilwa ni ile ile aliyoishika mkononi yeye, na mtu yeyote mwenye kalamu na subira anaweza kupimia kwayo mgeni atakayefuata.