Mikwaju Miwili: Historia ya Kugeuza Njia za Faili

Njia ya faili ni maandishi yanayoieleza kompyuta mahali faili lilipohifadhiwa, yakianzia kabrasha kubwa na kuishia kwenye faili lenyewe, kama anwani inayotaja mkoa, kisha wilaya, kisha kata. Kabrasha la Ndanda lililomo ndani ya kabrasha la Masasi huandikwa /Mtwara/Masasi/Ndanda katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix, ilhali katika Windows huandikwa C:\Mtwara\Masasi\Ndanda, ambapo herufi ya kwanza hutaja diski na mkwaju huinamia upande wa pili.

Chanzo cha tofauti hiyo ni mpangilio wa matukio. Unix, iliyoanza katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969 kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, ilitenganisha majina ya makabrasha kwa mkwaju wa kawaida. MS-DOS, mfumo endeshi wa Microsoft uliotangulia Windows, haikuwa na makabrasha ilipotoka mwaka 1981, na mkwaju huohuo ulitumika kutanguliza vibainishi, yaani herufi zinazoielekeza amri namna ya kufanya kazi. Kwa hiyo toleo la 2.0 lilipoleta makabrasha mwaka 1983, Microsoft ilichukua mkwaju wa kinyume ili amri zilizozoeleka zisivurugike.

Gharama ya uamuzi huo ilionekana pale sheli za Unix, yaani programu zinazopokea amri za maandishi, zilipohamia Windows. Cygwin, iliyoanzishwa na Steve Chamberlain wa kampuni ya Cygnus mwaka 1995, ilikuja na kifaa kiitwacho cygpath: anayeandika cygpath -w /cygdrive/c/Masasi hupata C:\Masasi. MSYS, zana nyingine ya aina hiyo, ilikwenda mbali zaidi kwa kugeuza njia bila kuombwa, lakini kibainishi /c nacho hudhaniwa kuwa diski C, hata mtumiaji akalazimika kuandika //c.

Tanzania iliguswa na historia hii kupitia Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu huria ya OpenOffice.org, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Programu hiyo mama ilihudumia Linux na Windows kwa msimbo mmoja. Upande wa Windows ilijengwa ndani ya Cygwin kwa kompaila ya Microsoft, huku hati ya amri iitwayo guw.pl ikisimama katikati na kugeuza kila njia kabla haijaifikia kompaila.

Mwaka 2016 Microsoft yenyewe iliwezesha programu za Linux kufanya kazi ndani ya Windows 10, na baadaye ikaongeza amri ya wslpath kwa kazi ileile. Walimu na wanafunzi wa Tehama wa Masasi na Newala hawana budi kuwaachia wslpath na cygpath kazi ya kugeuza njia badala ya kubadili mikwaju kwa mkono, na kuyapa makabrasha majina yasiyo na nafasi, kwa kuwa sheli hukata maneno penye nafasi.