Tarikhi ya Amri za Kugawa Majedwali

Edgar Codd, mtaalamu wa IBM, alipotangaza mwaka 1970 nadharia yake ya kuhifadhi habari katika majedwali, alitaka mwenye kuuliza asilazimike kujua habari zimewekwa wapi wala kwa tartibu gani, bali imtoshe kusema anachokihitaji. Juu ya msingi huo Donald Chamberlin na Raymond Boyce walijenga lugha ya amri iliyokuja kuitwa SQL. Nayo ilipowekewa kanuni rasmi mwaka 1986, kanuni zile hazikugusa namna jedwali linavyolazwa diskini.

Lakini majedwali yalizidi kukua, hata kufuta mistari ya mwaka uliopita katika daftari la benki ikawa kazi nzito. Ndipo ilipodhihiri faida ya kuligawa jedwali mafungu kwa tarehe, kila fungu likikaa peke yake, na jedwali zima likibaki moja kwa msomaji. Na kwa kuwa kanuni rasmi zilikuwa kimya, kila mtengenezaji alijitungia amri zake.

Oracle, katika toleo la 8 la mwaka 1997, ilichagua kutaja kikomo cha juu peke yake: kila fungu hupokea thamani zilizo chini ya kikomo chake, kwa maneno VALUES LESS THAN, na huanzia pale lilipoishia lililotangulia. Mna hekima kubwa katika uchaguzi huo, maana mafungu hayawezi kupandana wala kuacha pengo baina yake. Na MySQL 5.1, mwaka 2008, ilifuata njia hiyo hiyo.

PostgreSQL ilipita njia ndefu zaidi. Iliazima desturi yake ya kale ya urithi, ambayo kwayo jedwali mama huwa na majedwali watoto, na tangu toleo la 8.1 la mwaka 2005 iliweza kumruka mtoto ambaye sharti lake lilipingana na swali. Hata hivyo mtunzaji aliandika kila sharti kwa mkono, na triga ya kuupeleka kila mstari mahali pake, ilhali programu yenyewe haikujua kwamba hayo ni mafungu ya kitu kimoja.

Taabu hiyo iliondoka kwa toleo la 10, Oktoba 2017, ambapo mgawanyo hutamkwa waziwazi. Kila fungu hutajiwa mwanzo na mwisho, mwanzo ukiwamo na mwisho usiwemo, hata tarehe mosi Februari ikafunga Januari na kuifungulia Februari bila mzozo. Na amri za ATTACH na DETACH zikalifanya fungu kuwa jedwali kamili, liwezalo kujazwa kando, likachunguzwa, kisha likaungwa, au likatengwa pamoja na habari zake zote.

Uhuru huo una gharama yake: pengo laweza kubaki, na mstari usio na fungu ukakataliwa, jambo lililotafutiwa dawa mwaka 2018 kwa fungu la kupokea visivyo na mahali. Nami naona gharama hiyo ni halali, kwa sababu mtunzi wa amri aliyekubali mtu aseme mipaka yake yote miwili amemwekea hati iliyo wazi mtunzaji atakayekuja baadaye, na kazi ya kuhakikisha kwamba mafungu hayapandani ameikabidhi mashine, ambayo haichoki kuhesabu.