Kutoka Kitengela hadi Ngome ya Yesu

Ziara ya wanafunzi wa Kajiado kwenda Mji wa Kale wa Mombasa huanzia relini. Mji wa Kajiado wenyewe umo kwenye reli ya tawi iliyojengwa kutoka Konza kufuata magadi ya ziwa Magadi, na tangu 2017 treni ya abiria ya reli mpya husimama Athi River, jirani na Kitengela.

Kituo kikuu cha ziara huko Mombasa ni Ngome ya Yesu, na inastahili asubuhi nzima. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Njaa na maradhi viliua watu wengi kuliko mizinga. Katikati ya mzingiro huo, mwaka 1697, meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome, na vitu vilivyoopolewa humo vimehifadhiwa katika makumbusho. Mwanafunzi asiikose michoro ya mabaharia Wareno: meli na samaki, kwa makaa na rangi nyekundu, kazi ya watu waliokuwa mbali na kwao. Waingereza waliifanya ngome hiyo jela kuanzia 1895 hadi 1958.

Mwalimu awasomeshe wanafunzi mzingiro wa Waomani kabla ya safari; asiyeujua ataona mawe matupu. Alasiri inatosha kwa vichochoro na milango ya kuchongwa ya Mji wa Kale. Ngome iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011.