Mstari Uliotoka kwenye Barua Pepe

Nilipotoka Dzaleka kwenda Capital Hill, safari ya karibu kilomita 50, niliamini cheti changu cha kozi kimo ndani ya simu. Jana yake nilikuwa nimekifungua kutoka seva ya darasa letu, nikakisoma chote kwenye kivinjari. Mbele ya karani nikakigusa tena: ukurasa mweupe. Bando lilikuwa limeisha. Kumbe nilikisoma tu, sikukipakua.

Wa kumlaumu hakuwepo, maana skripti ya PHP ya seva ile niliiandika mwenyewe. Ndipo nikaanza kuchimba historia yake.

Chanzo si wavuti. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni za MIME ili barua pepe iweze kubeba picha na sauti. Likabaki swali: kitu kilichobebwa kionyeshwe ndani ya barua, au kiwekwe kando mpaka msomaji akihifadhi? Juni 1995 Rens Troost na Steve Dorner wakapendekeza mstari uitwao Content-Disposition. Ukiandika inline, kionyeshwe hapo hapo. Ukiandika attachment, kitengwe, na jina la faili unalitaja humo humo. (Kambi yetu, ambayo zamani ilikuwa gereza, ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu kabla.)

Vivinjari vikauazima. Kanuni za HTTP za 1999 ziliueleza pembeni, zikikiri kwamba si sehemu ya kanuni ila unatumika sana. Mpaka 2011 ndipo Julian Reschke alipouandikia waraka wake wa HTTP. Yaani watu waliutumia miaka mingi kabla haujahalalishwa. Sisi wa kambini hali hiyo tunaielewa.

Skripti yangu ilituma aina ya faili peke yake, application/pdf, na kivinjari kinachojua kuonyesha PDF huionyesha tu. Nikaongeza mstari wa attachment. Haukufanya kazi! Jioni mbili zilipotea kabla sijaona nafasi tupu moja juu ya <?php. Seva hutuma vichwa kwanza, mwili baadaye. Ile nafasi tupu tayari ilikuwa mwili, na vichwa vikawa vimechelewa.

Nikaifuta. Usiku ule umeme ulikatika, seva ikazima. Kwenye simu cheti.pdf kilifunguka.