Kutembea na ramani mangaribi: njia za zamani na mwanzo mpya hapa Koni

 

Kila mgeni anajua shida hii. Unauliza njia ya kwenda pompo ya maji, unajibiwa: "Pita pale kwa mwembe, kisha kwa nyumba ya marehemu mzee, utaona." Mwenyeji anaelewa. Mgeni hajui mwembe upi, wala mzee yupi. Mtoto wake akitumwa maji, mama anabaki mlangoni akiangalia jua linavyoshuka.

Katika nchi nyingine kuna mchezo unaofundisha jambo hili. Watu wanagawanyika katika timu za watatu au wanne. Kila timu inapewa ramani, ile tunayoita karte. Juu yake kuna vituo vya kutafuta kwa miguu, na saa moja ya kutembea. Hakuna mpira, hakuna kiwanja, hakuna kiingilio. Hapa kwetu mchezo huu ungekuwa mpya, lakini kazi yenyewe ni ya zamani sana katika Katanga.

Tuanze na Baluba. Wana chombo kinachoitwa lukasa, ubao mdogo wa mti wenye shanga, misumari na michoro. Wazee wa chama cha Mbudye waliushika kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kuume wakafuata shanga moja hadi nyingine. Kila rangi na kila mpangilio ulibeba maana: mfalme, ukoo, safari, mahali patakatifu. Ubao haukusema peke yake. Ulihitaji mtu wa kuusoma kwa sauti na watu wa kusikiliza. Hiyo ni ramani ya watu wengi pamoja, si ya mtu mmoja anayeificha mfukoni.

Baadaye zikaja ramani za karatasi. Mwenda Msiri wa Bunkeya aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Wiki chache baadaye ukafika msafara mwingine wa Wabelgiji, ukiongozwa na kapiteni Lucien Bia. Bia alikufa mwezi wa Agosti 1892, na Émile Francqui akashika uongozi. Pamoja nao alikuwa Jules Cornet, mtaalamu wa mawe na madini, aliyeandika habari za shaba ya nchi hii. Angalieni majina yalivyobaki: maporomoko ya Mwadingusha yaliitwa Cornet, kituo cha umeme cha Mwadingusha kikaitwa Francqui, na kituo chetu cha Koni kikaitwa Bia.

Lakini watu hao hawakujua njia. Waliongozwa na wenyeji, na mizigo yao ilibebwa na wapagazi ambao wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Ramani ilichorwa kwa miguu ya watu wa Afrika, na majina ya miguu hiyo hayakuandikwa juu yake. Ndiyo sababu nasema: asiyechora mahali pake atachorewa na mwingine.

Ramani pia inazeeka. Bwawa la Mwadingusha lilipokamilika mwaka 1930, maji ya Lufira yalifunika bonde na kufanya ziwa tunaloliita Tshangalele. Aliyeshika karte ya mwaka 1925 alitafuta njia ya miguu akakuta maji. Mnamo 1950 kituo cha Koni nacho kikaanza kazi. Kwa hiyo usiamini karatasi tu. Iamini pamoja na macho yako na maneno ya mzee anayekaa pale.

Na Lufira imetufundisha jambo lingine. Mwezi wa Septemba 1961, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, karibu 155, walizungukwa hapo Likasi, wakati ule Jadotville. Wenzao walitoka Elisabethville kuja kuwasaidia. Walijaribu mara mbili, na mara zote mbili walizuiwa kwenye daraja la Lufira. Tarehe 17 wale waliozungukwa wakajisalimisha. Anayetembea bila kuuliza njia ya kurudia, na bila kujua daraja liko wapi, anajitia mtegoni.

Mchezo wenyewe ulitoka Ulaya ya kaskazini. Kwanza ulikuwa mazoezi ya askari. Tarehe 31 Oktoba 1897 raia walishindana kwa mara ya kwanza mbele ya watu huko Norway, karibu na mji unaoitwa leo Oslo. Mwaka 1919 Ernst Killander, kiongozi wa skauti wa Sweden, aliona vijana wanaacha michezo ya mbio. Akawapa ramani na dira, ile busole, akawapeleka msituni karibu na Stockholm. Walikuja zaidi ya 200. Mwaka 1961 nchi 10 zikaunda shirikisho la dunia la mchezo huo. Siku hizi, katika miji ya Ulaya, watu wanatoka kazini mangaribi na kuucheza barabarani kwa tochi, bila kujali nani ni bingwa.

Kwa nini nawaletea habari hii ninyi? Kwa sababu sisi tunajua maana ya mtu kuambiwa hapa si kwake. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, na maelfu walijaa kwenye gare ya Likasi wakingoja treni. Wengine walizaliwa hapa. Njia zote walizijua, lakini waliambiwa si zao. Miaka iliyofuata, wengine walitoroka vita katika eneo la Manono, Mitwaba na Pweto, lile lililoitwa pembetatu ya kifo. Hao walifika mahali ambapo hawajui hata njia moja. Mwenyeji na mgeni wakitembea pamoja, mmoja anatoa njia, mwingine anatoa macho mapya. Ndiyo faida ninayoitafuta.

Basi, tuanze namna gani?

Chora ramani kwa mkono. Tembea ukihesabu hatua. Hatua 100 ziwe sentimeta 2 kwenye karatasi. Weka kwanza vitu vikubwa visivyohama: mto, barabara, kanisa, shule, soko, kituo cha afya, pompo. Andika kaskazini ni upande gani. Wazee wasome karatasi kabla ya mtu yeyote kuitumia, wasahihishe majina.

Chagua vituo 8 au 10. Cha karibu kiwe na pointi 10, cha mbali 20 au 30. Katika kila kituo weka swali ambalo jibu lake linaonekana pale tu: mlango wa kanisa una rangi gani, mwembe una mashina mangapi. Timu iamue yenyewe iende wapi kwanza. Muda ni dakika 60. Atakayechelewa apoteze pointi 5 kwa kila dakika.

Kila timu iwe na mwenyeji mmoja na mgeni mmoja kwa uchache, na mtu mzima mmoja. Mgeni ndiye ashike karte. Timu isiyofika na watu wake wote haina pointi hata moja. Sheria hii isiguswe. Kwetu hakuna kumwacha mtu nyuma.

Sasa usalama, na hapa naomba mnisikie vizuri. Mjulisheni kwanza mkubwa wa kartié na mumwonyeshe karatasi, maana mtu anayezunguka na ramani anaweza kudhaniwa mpelelezi. Msichore kituo cha umeme, nyaya, mifereji ya maji wala mahali pa askari, na msipite huko. Epukeni mashimo ya wachimbaji wa madini. Kwetu jua linazama karibu na saa kumi na mbili, na giza linashuka ndani ya nusu saa. Wiki za kwanza anzeni saa kumi na nusu, mmalize kabla ya jua kuzama. Siku yenye habari mbaya za usalama, mchezo hakuna.

Mkisharudi, kaeni kidogo uani. Delestaji ina faida yake moja: nyota zinaonekana. Wakati wa kiangazi, angalieni upande wa kusini, mtaona nyota nne zenye umbo la msalaba. Pimeni urefu wa msalaba kutoka kichwani hadi mguuni, muuendeleze mara nne na nusu kuelekea mguuni, kisha mshuke moja kwa moja mpaka chini. Hapo ni kusini. Watoto wakijua hilo, hawatahitaji busole ya kununua.

Mwisho wa mwezi, karatasi zenu ziwekwe pamoja ziwe ramani moja. Juu yake yaandikwe majina ya njia kama yanavyosemwa na wanaozitembea, wenyeji na waliohamia.

Mangaribi njema, na mfike nyumbani wote.